Shaba Huru: Tuipe Jina Gani Metali Isiyofungwa?

Neno shaba limebebeshwa mizigo mingi. Waya wa umeme ni shaba. Tarumbeta ya bendi ya kanisani ni shaba, ingawa ndani yake mna zinki. Medali ya mshindi wa tatu ni shaba, ingawa mafundi huichanganya na bati. Na jiwe la kijani linalojazwa katika magunia huku Kambove nalo tunaliita shaba, ingawa ukiligonga kwa nyundo linapasuka na kuwa unga, jambo ambalo waya haulifanyi.

Makala haya yanahusu kitu cha tano, ambacho wachimbaji wa Katanga hukiona mara chache na ambacho Kiswahili hakijakipa jina la kudumu. Ni shaba iliyo metali tayari ikiwa bado ardhini. Haijapita kwenye tanuri wala kuguswa na mfua vyuma, lakini ina rangi nyekundu ya metali na inakunjika kama waya. Wanajiolojia wanaoandika Kifaransa huiita «cuivre natif». Mimi ni mwanafunzi wa lugha na si wa jiolojia, lakini nimezaliwa Kambove, kilomita 25 hivi kupita Likasi, na ninaamini swali la jina lake ni la kitivo chetu kuliko la kitivo kingine chochote. Ili tulijibu vizuri, hatuna budi kwanza kukijua kitu chenyewe.

Kitu chenyewe

Shaba ni elementi. Alama yake katika kemia ni Cu, kutokana na jina la Kilatini cuprum, ambalo wataalamu wa lugha hulihusisha na kisiwa cha Cyprus, palipochimbwa shaba nyingi zamani. Ardhini atomu za shaba hukaa kwa namna mbili. Namna ya kwanza, na ndiyo ya kawaida sana, ni kufungamana na elementi nyingine. Zikiungana na salfa, tunapata kalkosini yenye rangi ya kijivu cheusi, au kalkopiriti yenye manjano ya kudanganya macho. Zikiungana na oksijeni peke yake, tunapata kupriti, jiwe jekundu la kuiva. Zikiungana na kaboni, oksijeni na hidrojeni, tunapata malakiti, lile jiwe la kijani ambalo watalii hununua Lubumbashi likiwa limechongwa umbo la tembo au kibuyu.

Namna ya pili ni atomu za shaba kukaa na atomu za shaba tu. Kila atomu huzungukwa na wenzake 12, zimepangwa katika umbo la mchemraba, na elektroni zao za nje hazina mwenyewe mmoja: zinatembea katika jamii nzima ya atomu. Kutembea huko ndiko kunakofanya shaba ipitishe umeme. Kwa sababu hiyo hiyo tabaka za atomu huteleza juu ya zenzake bila kukatika, na metali hukubali kunyooshwa, kukunjwa na kupigwa ikawa bapa. Malakiti haiwezi, kwa kuwa ndani yake kila atomu imefungwa mahali pake. Ukilazimisha, fundo linakatika na jiwe linavunjika.

Anayetaka kuitambua shaba ya namna hii ana njia kadhaa zisizohitaji maabara. Kwanza aipime mkononi. Densiti yake inakaribia gramu 8.9 kwa sentimita moja ya ujazo, wakati malakiti ni kama gramu 4, kwa hiyo kipande kidogo kinashtua kwa uzito. Pili aikwaruze kwa kisu, kwani ni laini, kati ya 2.5 na 3 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, na mkwaruzo unaacha mng'ao mwekundu. Tatu aigonge: itabonyea badala ya kupasuka. Ikikatika kwa nguvu, mahali ilipokatika huwa na ncha ncha zinazochoma kidole, kama waya uliokatwa kwa koleo butu.

Maumbo yake hayafanani na ya mawe mengine. Mara nyingi huota kama matawi ya mti au majani ya jimbi, kwa kuwa atomu zimejipanga haraka katika ufa mwembamba wa mwamba. Mara nyingine huwa nyuzi, au vibapa vyembamba, au fuwele ndogo za mchemraba zilizoshikana. Migodi ya Étoile na Ruashi, iliyo karibu na jiji la Lubumbashi, inajulikana kwa wakusanyaji wa madini kwa vipande vya aina hii. Étoile ndiyo ile ambayo wenyeji wameiita Kalukuluku, na ndiyo iliyotoa mawe ya tanuri la kwanza la Union Minière lililoanza kuyeyusha mwaka 1911.

Inavyozaliwa

Katika tao letu la shaba, linalotoka Kolwezi, likapita Likasi na Kambove, likafika Lubumbashi na kuingia Zambia, shaba haikuanza ikiwa huru. Ilianza ikiwa imefungwa na salfa ndani ya miamba ya kale iliyotandazwa na maji, miamba yenye dolomiti nyingi. Baadaye milima ilikunjwa, miamba ikainuliwa, na mvua ikaanza kazi yake.

Maji ya mvua hushuka yakiwa na oksijeni. Yakikutana na kalkopiriti au kalkosini, huifungua salfa na kuiachia shaba iyeyuke ndani ya maji. Sasa shaba inasafiri. Itakapofika inategemea itakutana na nani njiani. Ikikutana na dolomiti, yaani mwamba wenye kaboni ya kutosha, inashikwa upesi na kugeuka malakiti. Katanga ina dolomiti kila mahali, na hii ndiyo sababu vilima vyetu vina kijani kingi kuliko migodi mingi ya dunia.

Lakini shaba ikishuka hadi karibu na usawa wa maji ya ardhini, mahali ambapo oksijeni imekwisha na kaboni ya kuishika ni chache, mambo hubadilika. Hapo huweza kukutana na kitu kinachoipa elektroni, kwa mfano chuma kilichomo katika mawe au mabaki ya viumbe vya kale. Ikipewa elektroni moja, hutulia kama kupriti. Ikipewa mbili, haidai tena mshirika yeyote. Inatulia ikiwa metali.

Kwa hiyo shaba huru ni kituo katika safari ndefu, wala si mwanzo wake. Na mara nyingi si mwisho pia. Ardhi ikiinuka, au maji yakishuka, oksijeni hurudi. Ngozi ya shaba huru hugeuka kupriti nyekundu, na ngozi ya kupriti hugeuka malakiti. Kipande kimoja kikikatwa katikati huweza kuonyesha hatua zote tatu: kijani nje, wekundu wa giza chini yake, na katikati metali inayong'aa.

Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu linagusa lugha moja kwa moja. Msamiati wa shimoni ni msamiati wa rangi. Mchimbaji husema ya kijani, nyeusi, nyekundu, ya buluu, na mara nyingi anapatia: ya kijani ni malakiti, nyeusi ni heterojeniti yenye kobalti, ya buluu huenda ni krisokola. Ni mfumo mzuri, wa haraka, na umelisha familia nyingi. Shaba huru inaushinda mfumo huo kwa sababu imevaa rangi ya mwenzake. Jina la rangi haliwezi kuifikia.

Kwa nini ni adimu kwetu

Metali chache sana hukubali kukaa huru ardhini. Dhahabu hukaa hivyo karibu siku zote, platini mara nyingi, fedha mara kadhaa, shaba mara chache. Chuma, pamoja na wingi wake wote, kikikaa wazi hushikwa na oksijeni. Chuma huru tunachokijua kimetoka zaidi kwenye vimondo vilivyoanguka kutoka angani, na sehemu chache za ajabu kama kisiwa cha Disko huko Greenland. Kobalti, ambayo dunia inaifuata Katanga leo, haichimbwi kwetu ikiwa huru: utaikuta imefungwa na salfa na shaba katika karoliti, au na oksijeni katika heterojeniti.

Kuna sehemu moja duniani ambako shaba huru haikuwa adimu. Ni rasi ya Keweenaw, jimbo la Michigan, Marekani. Huko shaba ilijaza matundu ya miamba ya volkano yenye salfa kidogo mno, ikakosa wa kuifunga. Jiwe moja maarufu kutoka eneo hilo, Ontonagon, lina uzito unaozidi kilo 1,600 na limehifadhiwa katika taasisi ya Smithsonian jijini Washington. Wenyeji wa kwanza wa eneo hilo walitengeneza visu, sindano na mapambo kwa kuigonga shaba hiyo na kuipasha moto kidogo tu, maelfu ya miaka kabla ya Mzungu kufika. Hawakuhitaji kuyeyusha jiwe.

Mababu wa Katanga hawakupewa urahisi huo. Walikuta jiwe la kijani, na jiwe la kijani halina dalili yoyote ya nje kwamba limebeba metali. Walipaswa kugundua kwamba likichomwa na makaa ya miti katika tanuri la udongo, huku mivuo ikipulizwa bila kupumzika, hewa ya makaa huinyang'anya malakiti oksijeni yake. Moto ukizidi nyuzi 1,085 za Selsiasi, metali hutiririka. Shaba hiyo ilimiminwa katika vifinyango vya umbo la msalaba. Misalaba ya aina hiyo imefukuliwa katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, na mitatu iliwekwa katika bendera ya Katanga mwaka 1960. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenedikto, aliandika mwaka 1926 juu ya wafuaji hao, akawaita kwa Kifaransa «mangeurs de cuivre», walaji wa shaba.

Kila msalaba wa Katanga ni ushahidi wa shaba iliyofunguliwa kwa kazi ya mikono. Ndiyo maana inatushangaza kuikuta shaba nyingine, chini ya kilima kile kile, ambayo ardhi iliifungua yenyewe.

Karatasi ya depo

Miaka michache iliyopita nilifuatana na mjomba wangu hadi kwenye depo moja ya kununua madini. Alikuwa na magunia ya mawe ya kijani, na sampuli yake ilikuwa imepelekwa kupimwa. Karatasi iliporudi ilikuwa na asilimia ya shaba, na chini yake mstari mmoja kwa Kifaransa: «présence de cuivre natif». Mjomba hasomi Kifaransa. Alimwomba kijana wa mizani amfasirie.

Kijana akasema: «Muzee, banasema mu mawe yenu muko shaba ya benyeji.»

Mjomba akamtazama. «Benyeji gani? Ni siye?»

Watu wakacheka, mjomba naye akacheka, pesa ikahesabiwa, tukaondoka. Kijana hakuwa mjinga. Neno «natif» lina maana ya mzaliwa wa mahali, na mwenyeji ni tafsiri yake halali pale tunapozungumza juu ya watu. Katika madini lina maana nyingine kabisa: elementi iliyopatikana bila kufungwa na nyingine. Kosa lilikuwa ni kuliondoa neno katika taaluma yake na kulirudisha mtaani.

Hasara ya kosa hilo nimeielewa baadaye, nilipomuuliza rafiki yangu anayesoma metalojia jinsi sampuli inavyoandaliwa. Mawe hupondwa, kisha husagwa, kisha huchekechwa kwenye chekeche laini, na unga uliopita ndio unaopimwa. Malakiti husagika na kupita. Shaba huru haisagiki. Inapigwa, inakuwa vibapa, na vibapa hubaki juu ya chekeche. Mwenye uangalifu huvipima peke yake na kuongeza hesabu yake kwenye ile ya unga. Asiye na uangalifu huvikung'uta pembeni, na asilimia inayoandikwa inakuwa pungufu kuliko shaba iliyomo ndani ya gunia.

Mstari ule wa Kifaransa ulikuwa onyo. Ulimpa mwenye mali sababu ya kuuliza swali moja: vile vilivyobaki juu ya chekeche vimehesabiwa? Tafsiri iliyosema shaba ya wenyeji iliugeuza kuwa mzaha. Kama vilihesabiwa siku ile au la, mjomba hakupata nafasi ya kuuliza.

Kiwandani nako neno hilo lina uzito. Malakiti huyeyuka haraka katika asidi ya salfuriki iliyopunguzwa makali. Shaba huru hukaa ndani ya asidi hiyo hiyo kwa muda mrefu bila kuyeyuka vizuri, mpaka iongezewe oksijeni au chuma kilicho tayari kuchukua elektroni zake. Kupriti nayo hugawanyika: nusu ya shaba yake huyeyuka, nusu hugeuka metali hapo hapo ndani ya chombo. Mhandisi anayesoma neno «natif» katika ripoti anajua kwamba lazima abadili mpango. Mfanyakazi aliyeelezwa kwa Kiswahili kwamba ni shaba ya wenyeji hajui kitu.

Neno shaba lenyewe

Kabla ya kupendekeza jina, tulitazame hili tulilo nalo. Shaba limetoka katika Kiarabu, na huko halikuwa jina la shaba nyekundu, ambayo Waarabu huiita nuhas. Shabah lilikuwa jina la ile metali ya manjano iliyochanganywa na zinki, na shina lake lina maana ya kufanana, kwa kuwa metali hiyo ilifanana na dhahabu. Wanafunzi wa fasihi wanaijua familia hiyo ya maneno vizuri: tashbihi, tamathali ya semi inayolinganisha vitu viwili, ni ndugu wa shaba. Kwa hiyo tangu mwanzo neno letu ni la mlinganisho, na halishangazi likikubali kubeba waya, tarumbeta, medali na jiwe la kijani kwa pamoja.

Katika lugha za huku kwetu, Kisanga, Kiluba na Kibemba miongoni mwao, neno la zamani ni mukuba. Ng'ambo ya mpaka Wazambia wameliweka hadharani: mji wa Kitwe una Chuo Kikuu cha Mukuba. Kwetu historia ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1971, wakati wa siasa ya kurudi kwenye uhalisi, jimbo la Katanga lilibadilishwa jina likaitwa Shaba, na likabaki hivyo mpaka 1997. Serikali iliyotaka majina ya Kiafrika ililipa jimbo la wafua mukuba jina lililokuja na misafara ya biashara kutoka pwani. Sisemi hili kwa kulalamika. Kiswahili ni chetu sasa, na shaba ni yetu ndani yake. Nalitaja ili tukumbuke kwamba jina la metali si jambo la kamusi peke yake.

Ugumu mwingine ni neno madini, ambalo nalo ni la Kiarabu na hufanya kazi tatu. Tunalitumia kwa jiwe lenye utungo maalumu kama malakiti, kwa mawe yoyote yanayolipa kuchimbwa, na kwa metali yenyewe. Shuleni tunafundishwa kusema metali kwa maana ya tatu, na kamusi za zamani zina neno mtapo kwa maana ya pili. Tukiyatumia matatu hayo kwa nidhamu, sentensi hii inawezekana: malakiti ni madini, mwamba wa Kambove wenye malakiti nyingi ni mtapo, na shaba inayotoka humo ni metali. Kwa kawaida tunasema madini mara tatu na kumwachia msikilizaji akisie.

Majina manne kwenye mizani

Katika mazungumzo na wanafunzi wenzangu nimekusanya majina manne yanayopendekezwa kwa «cuivre natif». Kila moja nililipima kwa swali lile lile: je, linasema kinachoitofautisha metali hii na malakiti?

La kwanza ni shaba asilia. Lina sauti nzuri na linafuata mfano wa gesi asilia. Lakini malakiti nayo ni ya asili, haikutengenezwa na mtu. Tena asilia kwetu huelekea kumaanisha ya kimila, kama dawa asilia, na msikilizaji wa Kambove atafikiri juu ya shaba ya matanuri ya mababu. Ile ilikuwa shaba ya kuyeyushwa, kinyume kabisa cha tunachotaka kusema.

La pili ni shaba safi. Hili linagongana na kiwanda. Shaba safi sokoni ni zile bamba zinazotoka kwenye usafishaji wa umeme. Shaba ya ardhini huweza kuwa na fedha au aseniki kidogo ndani yake na bado ikawa «natif». Usafi ni kipimo cha kiasi, na hapa tunataja hali.

La tatu ni shaba tupu. Hili ndilo lililo karibu zaidi na ulimi wa Lubumbashi. Mtu akisema «hii ni shaba tupu», kila mmoja anaelewa kwamba hakuna kingine humo. Ninalipenda, na sokoni litafanya kazi. Tatizo ni kwamba tupu pia ni isiyo na kitu, na katika maandishi, bila mkono unaoonyesha na sauti inayosisitiza, maana hiyo ya pili inaingia mlangoni. Zaidi ya hayo, mchuuzi husema shaba tupu hata kwa malakiti nzuri isiyo na udongo.

La nne ni shaba huru, na hili ndilo nimelitumia tangu juu. Huru linataja hali ya kutofungwa, na kutofungwa ndiko hasa kunakotenganisha metali hii na malakiti, kupriti na kalkosini. Linapokea metali nyingine bila shida: dhahabu huru, fedha huru, chuma huru cha vimondo. Lina kinyume chake tayari, shaba iliyofungwa, na mwalimu anaweza kuonyesha tofauti hiyo kwa nyundo moja mbele ya darasa. Najua kwamba Katanga neno huru lina mwangwi wa siasa, na kwamba mtu atauliza kwa utani kama shaba hiyo imepata uhuru mwaka gani. Mwangwi huo hausumbui, maana unasaidia kumbukumbu. Jina linalochekesha kidogo na kueleza kweli ni bora kuliko jina zito linalopotosha.

Kwa walio na kazi ya kutafsiri karatasi za maabara, mikataba ya koperativu au vitabu vya shule, napendekeza maelezo haya yawekwe mara ya kwanza neno linapotokea: shaba huru ni shaba inayopatikana ardhini ikiwa metali, isiyoungana na elementi nyingine; hukunjika na haisagiki. Maneno mawili ya mwisho ni ya lazima. Katika kamusi ya kawaida yangeonekana ya ziada, lakini kwa mwenye gunia mbele ya mizani ndiyo yanayomwambia aulize juu ya chekeche.

Kazi ya kitivo cha lugha katika jimbo la migodi haiishii kwenye riwaya na ushairi, ingawa huko ndiko tunakopenda kukaa. Ripoti za kijiolojia za Katanga zimeandikwa kwa Kifaransa kwa zaidi ya miaka 100, na wanaochimba mawe hayo huzungumza Kiswahili kutwa nzima. Kati yao kuna daraja ambalo halijakamilika, na mbao zake ni maneno kama haya, moja moja. Heterojeniti bado inaitwa nyeusi. Karoliti haina jina. Anayetaka kuendelea na orodha aanzie hapo.